Damu Iliyomiminwa

Mama Pacha, jirani yetu wa ukuta mmoja, anasema mama yangu alipimwa damu ya maiti. Anasema siku ile maabara kulikuwa na vichupa viwili mezani, kimoja cha mama na kingine cha marehemu fulani aliyeokotwa barabarani, na anayewatoa wagonjwa damu, kwa kuwa alikuwa anaongea na simu, akavichanganya. Ndiyo maana majibu yakaja kwamba mama hapaswi kuwa hai. Anasema daktari alipoyasoma alivua miwani, akaifuta, akayasoma tena, halafu akauliza, "Huyu mmeshampeleka chumba cha baridi?" Na wakati huo, anasema Mama Pacha, mwenyewe yuko nyumbani anakunywa chai.

Anaisimulia bombani, ndoo iko chini ya maji, mkono kiunoni. Kila akiisimulia, marehemu anabadilika. Mara ni kijana, mara ni bibi kizee, wiki iliyopita alikuwa askari. Wasikilizaji wanashika vifua. Mimi nikifika na ndoo yangu mmoja ananiuliza, "Eti ni kweli, binti?" Mama Pacha ananijibia. "Atasema nini huyu? Mdomo wake una kufuli."

La chai ni kweli. Mengine sikuyaona, na mimi nilikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho.

Tunaishi wawili, mama na mimi, katika chumba kimoja na ukumbi mdogo ambao cherehani yangu imeumaliza. Kaka yangu yuko mbali. Anapiga simu Jumapili, anamuuliza mama anaendeleaje, mama anasema mzima, simu inakatika. Mama si mzima. Moyo wake umechoka, na hilo si neno langu, ni la daktari. Alituambia ni kama pampu ambayo mpira wake umelegea, kwa hiyo maji yanabaki miguuni na kifuani. Kuna vidonge vya kuusaidia, lakini vidonge hivyo vina tabia zake. Vinaweza kupandisha potasiamu, ambayo ni chumvi mojawapo ya mwilini, na chumvi hiyo ikipanda kupita kiasi moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo kila kliniki mama anatolewa damu kwanza. Majibu yakiwa mazuri anapewa vidonge. Bila kipimo, hakuna vidonge.

Tangu nimalize darasa la saba kazi yangu ni kumuuguza mama na kushona. Napunguza suruali, nabadili zipu, natia viraka mashuka. Mteja analeta nguo, anauliza itakuwa tayari lini, anaondoka. Zipo siku zinazoisha sijaongea na mtu yeyote zaidi ya hapo, ila kumwambia mama anywe dawa. Mama akilala naendesha cherehani polepole ili nisimwamshe, na wakati mwingine naiendesha bila kitambaa, nisikie tu kitu kinasema.

Hospitalini mtu mmoja, yule mtoa damu, ndiye aliyewahi kuniuliza mimi nina hali gani. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kibandiko kifuani, lakini wagonjwa wote walimwita Dada Haiumi. Lilitokana na watoto. Kila mtoto aliyekalishwa kwenye kile kiti cha kutolea damu aliambiwa, "Haiumi, haiumi," na akishapiga yowe anaambiwa, "Basi, hiyo ndiyo haiumi yenyewe." Wazee wakalipenda. Ungemsikia mtu mzima na mvi zake anauliza dirishani, "Leo Haiumi yupo, au nirudi nyumbani?"

Siku ya kwanza alipomtoa mama damu alibandika plasta, kisha akanitazama mimi niliyesimama na mkoba.

"Na wewe umekula?"

"Nimekula, dada."

"Mwongo. Midomo imekauka kama kiatu cha mwaka jana." Akafungua droo akanikatia mkate wake.

Mimi nikaona mfuko wa koti lake jeupe umeachia kwenye mshono, nikamwambia aniletee nyumbani nilishone. Akaleta. Akarudi kulichukua, akakaa. Baada ya hapo, akitoka kazini alikuwa anapitia kwetu. Hakuwa na anayemsubiri kwao. Mumewe aliondoka zamani na mtoto hawakujaaliwa. Alikuwa anavua viatu, ananyoosha miguu chini ya cherehani yangu, ananisimulia vituko vya foleni bila kutaja jina la mgonjwa hata mmoja. Mzee aliyezimia kabla hajachomwa. Bwana mmoja mwenye misuli aliyeomba mkewe amshike mkono. Mama alikuwa anacheka kule ndani mpaka anakohoa. Alinifundisha na rangi za vifuniko vya vichupa: zambarau ni ya kuhesabia chembe za damu, njano ni ya kupimia figo na chumvi. Aliniambia mishipa nayo ina tabia kama watu. Mingine ukiiita inakuja. "Wa mama yako unajificha kama mtoto aliyevunja kikombe."

Nilikuwa naanza kumsubiri tangu mchana. Nilijua anavyokanyaga.

Siku anayoisimulia Mama Pacha jua lilikuwa kali na foleni imefika mlango wa nje. Mama hakuwa amekunywa maji ya kutosha, na mishipa yake, ambayo hata siku nzuri ni ya kubembeleza, ilikuwa imelala kabisa. Haiumi alifunga mpira mkononi, akapapasa, akafungua, akahamia mkono wa pili. Akachoma. Hakuna kitu. Mama aliuma pindo la mtandio wake.

"Nisamehe, mama yangu. Leo ameninunia."

"Nani?"

"Mshipa wako."

"Mwambie atoke, hakuna atakayempiga."

Tulicheka wote, hata waliokuwa benchi. Akachoma tena, safari hii nyuma ya kiganja, mahali panapouma sana. Damu ikaja, nyeusi, ya kuvutavuta. Ikajaza kichupa cha zambarau. Alipoweka cha njano yakaingia matone ya kulowanisha chini tu, kisha ikakatika. Mama uso ulikuwa umebadilika rangi.

"Inatosha, mwanangu," alisema. "Inatosha."

Haiumi alichomoa sindano akamkandamizia pamba. Akakiinua kile kichupa cha njano akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Mimi huwa natazama mikono ya watu, ni mazoea ya kushona. Nikamwona anafungua vifuniko vyote viwili, anamimina kutoka cha zambarau kuingia cha njano, taratibu, kama mtu anayewagawia watoto maziwa. Akavifunga. Alipogeuka akaona namtazama.

"Damu ni ileile, mdogo wangu, ya mtu yuleyule. Nimchome tena ya nini?"

Nikamwambia asante. Nilimwambia kutoka moyoni.

Mchana, mama akiwa na kikombe chake cha chai, simu ikaita. Hospitali. Mgonjwa aletwe sasa hivi, asitembee kwa miguu. Mama Pacha ndiye aliyetutafutia gari, na hilo simnyimi, alikimbia na kandambili mkononi.

Daktari wetu ni mwanamke mwembamba anayeongea harakaharaka. Alimlaza mama kitandani, akamuuliza anajisikiaje.

"Najisikia nimekatishwa chai," mama akasema.

Daktari hakucheka. Majibu yalionyesha potasiamu imepanda mahali ambapo moyo ungekuwa umeshasimama. Wakambandika mama nyaya kifuani, karatasi ikatoka na milima yake, daktari akaitazama, akamtazama mama, akatikisa kichwa. Moyo ulikuwa unapiga kama siku zote. "Lakini siwezi kubahatisha na namba kama hii," alisema. Wakamchoma sindano ya kuishusha, wakamtundikia dripu ya sukari. Baada ya muda sindano ile ikamshusha sukari, mama akaanza kutetemeka, jasho la baridi linamtoka, ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Nilimshika mguu kwa sababu mikono yote ilikuwa na mirija. Sikujua nimshike mahali gani pengine.

Alipotulia walimtoa damu nyingine. Alikuja mtu wa wodini, akaipata kwenye mguu baada ya kuhangaika. Majibu yakawa mazuri kabisa.

"Tumeishusha," daktari alisema, akashusha pumzi. "Vile vidonge vya moyo tunavisimamisha. Ndivyo vilivyotaka kumuua."

Hapo ndipo taabu ilipoanza, ambayo Mama Pacha haisimulii kwa sababu haina maiti ndani yake. Mama alibaki wodini bila vidonge vyake, na maji yakaanza kurudi. Kwanza vifundo. Kisha ukimbonyeza ugoko kidole kinaacha shimo. Kisha akawa hawezi kulala chali, analala amekaa, mito mgongoni, na kila pumzi anaitafuta kwanza ndipo anaivuta. Daktari alikuwa anakuja, anasikiliza kifua, anakunja uso. Akimrudishia vidonge anaogopa chumvi itampanda. Asipomrudishia, mama anazama mbele ya macho yetu, kwenye shuka kavu.

Haiumi alikuwa anakuja kila saa ya kuona wagonjwa. Alileta machungwa, akayamenya, akamkanda mama miguu. Hakuwa na wasiwasi wowote kwa upande wake. Nilikuwa namtazama na sikuuona. "Mashine zetu zile zimezeeka," alikuwa ananong'ona. "Zikichoka zinaandika zinachotaka." Akiondoka ananibonyeza bega. Wodini kuna watu wengi usiku na mchana, lakini hakuna anayemjua mwenzake, kila mmoja anamtazama mgonjwa wake. Lile bonyezo la bega ndilo nililokuwa nalisubiri mpaka kesho yake.

Ndipo akaja Bwana Ubora.

Alikuwa kijana mrefu wa sauti ya chini, mtafiti, ameletwa kuchunguza namna vipimo vya damu vinavyofanyika pale hospitalini. Jina walimpa wafanyakazi wenyewe. Siku aliyofika aliwakusanya, akalitamka neno ubora mpaka waliokaa nyuma wakaanza kushindana kubahatisha atalitamka tena lini. Kazi yake ilikuwa kufuatilia damu tangu inapotoka mkononi mwa mtu mpaka jibu linapomfikia daktari, aone inaharibikia wapi. Alinikuta kwenye benchi la nje ya wodi, akaomba kukaa.

"Dada, pole na kuuguza. Nimeyatazama majibu ya mama. Kuna kitu hakijakaa sawa. Naomba nikuulize, na ukitaka usinijibu."

"Uliza, kaka."

"Potasiamu ilikuwa juu sana, sawa. Lakini kwenye damu ileile kalsiamu ilikuwa chini mno, kiasi ambacho mgonjwa angekuwa amekakamaa mwili mzima. Mama alikakamaa?"

"Alikuwa anakunywa chai."

Akatabasamu kidogo. Kisha akanieleza, polepole, bila kuniona mjinga. Ndani ya kichupa cha kifuniko cha zambarau, kabla hata damu haijaingia, kuna dawa imepakwa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo imetengenezwa kwa potasiamu. Na kazi yake ni kuikamata kalsiamu, kwa sababu bila kalsiamu damu haigandi. Kwa kichupa chenyewe haina neno, kwa kuwa kinapimwa mambo mengine. "Lakini tone likitoka mle likaingia kwenye kichupa cha njano, mashine inapima dawa. Haimpimi tena mgonjwa. Potasiamu inaruka juu, kalsiamu inaanguka. Mashine watu wanazilaumu bure, dada. Mara nyingi damu inakuwa imeshaharibika kabla haijafika kwenye mashine."

Nikaukumbuka mkono wa Haiumi unamimina taratibu.

"Siku ile mama anatolewa damu, ulikuwa karibu?"

"Nilikuwa nimemshika bega."

"Simtafuti mchawi. Jina silihitaji na sitaliandika. Nataka kujua damu ilipita wapi tu. Ilitoka mkononi moja kwa moja ikaingia vichupa vyote viwili?"

Nilitazama sakafu. Kulikuwa na mtu amepiga deki na maji yalikuwa yanakauka kuanzia pembeni. Niliwaza miguu ile chini ya cherehani yangu, viatu vimewekwa pembeni, na kicheko cha mama kule ndani. Niliwaza nikisema sikumbuki, ataamini, maana nani anakumbuka vichupa? Na yeye hakunihimiza. Alikuwa amekaa, mikono magotini. Kupitia mlangoni nilimsikia mama anakohoa, kile kikohozi cha maji, halafu kimya, halafu anaitafuta pumzi.

"Ilimiminwa," nikasema. "Kutoka zambarau kwenda njano. Ilikuwa imekatika, na mama alikuwa ameumia. Alimhurumia."

Aliitikia kwa kichwa. Hakuuliza nani.

"Kwa hiyo chumvi haikupanda?" nikamuuliza.

"Sidhani kama ilipanda hata kidogo. Atatolewa damu nyingine tuhakikishe. Ikiwa nzuri, daktari atamrudishia vidonge vyake."

Ikawa nzuri. Mama alirudishiwa vidonge siku ileile, na kufikia mwisho wa juma alikuwa analala ubavu na kuwalalamikia wauguzi kwamba uji hauna sukari. Tukarudi nyumbani.

Bwana Ubora alitimiza neno lake, jina hakuliandika. Lakini chumba cha kutolea damu kina kiti kimoja, na kila mtu alijua nani alisimama kando ya kiti kile siku ile. Mkuu wa maabara hakumfukuza Haiumi. Alimwondoa kwenye sindano, akampeleka stoo kugawa pamba na glovu, mpaka atakapohudhuria mafunzo pamoja na wale wafanyakazi wapya. Mlangoni pa chumba kile wakabandika karatasi kubwa yenye picha ya vichupa viwili na mstari mwekundu kati yake.

Haiumi alikuja kwetu jioni. Nilimjua kwa kukanyaga kwake, nikainuka kabla hajapiga hodi. Hakuvua viatu.

"Koti nililokuachia ushone lipo?"

"Lipo, dada. Limebaki kifungo tu. Kaa nimalizie."

"Acha kifungo. Stoo hawavai koti."

Nikalikunja, nikampa. Alilipokea, akawa analikunjua na kulikunja upya, kama vile nimelikunja vibaya.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema.

"Sikujua kama ni kosa, mpaka aliponieleza."

"Na alipokueleza?"

"Mama alikuwa anashindwa kupumua, dada. Uliona."

"Niliona. Mimi ndiye niliyekuwa namkanda." Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Tuliambiwa tusimimine. Hilo silikatai. Tuliambiwa siku moja na mtu mwenye haraka, hakutuambia kwa nini. Nikadhani ni mambo ya usafi. Nilikuwa nanawa vizuri, nikajua nimemaliza. Miaka yote hiyo, kila nikimwonea mtu huruma..." Nilimwona anawahesabu kichwani, watu wote wenye mishipa iliyojificha. "Sasa wananiambia nikakae darasani na watoto waliotoka chuo juzi, nifundishwe kushika sindano. Wanacheka wakiniona. Wanasema, 'Stoo haiumi, dada?'"

"Nani huyo?" mama akaita kutoka ndani. "Haiumi? Mwambie aingie basi, nimemkumbuka!"

Haiumi alilitazama pazia la mlango. Kwa muda nilidhani ataingia.

"Mwambie nina haraka."

Akaondoka na koti kwapani. Mama aliniuliza mbona hakuingia, nikamwambia ana haraka.

"Tangu lini?" mama akasema.

Nikamweleza yote. Alisikiliza amefumba macho. Mwisho akasema, "Mimi simdai chochote yule. Alinionea huruma." Kisha, "Wewe ulifanya sawa," akanigeuzia mgongo alale, na sikujua lipi kati ya maneno yale nilishike.

Tangu siku hiyo hakuna anayepitia kwetu. Jioni ikifika naendelea kushona nimeupa mlango mgongo ili nisiwe nautazama, lakini masikio hayana mgongo. Kila anayepita namjua kwamba si yeye. Bombani hadithi imenoga. Mama Pacha sasa anasema mtoa damu alifungwa jela. Siku moja nilimwambia, "Hakufungwa, mama. Na hakukuwa na maiti." Wote wakanigeukia. Mama Pacha akanitazama kwa huruma ya kweli, akanisaidia kujitwika ndoo. "Msimsumbue," akawaambia wenzake. "Ameteseka sana huyu mtoto."

Kisha ikafika kliniki nyingine. Aliyekaa mahali pa Haiumi alikuwa kijana mpole, kucha safi, anafuata kila hatua kama ilivyo kwenye karatasi ya ukutani. Alimuuliza mama jina lake ingawa alikuwa nalo mbele yake. Nilimpenda. Lakini mkono wake haukujua kubembeleza. Alichoma kulia, akachoma kushoto, akachoma kiganja. Ikatoka kidogo ya zambarau, ya njano ikakataa. Nilimwona anavitazama vile vichupa, na anaitazama ile karatasi.

"Siwezi, dada," aliniambia mimi, si mama, kana kwamba nimemwomba. "Ikipungua lazima nitoe upya."

"Najua, kaka."

Alipofunga mpira tena mama alivuta mkono akauficha chini ya mtandio. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mama yangu si mtu wa kulia mbele za watu. "Nirudishe nyumbani," akasema. "Nimechoka kutobolewa. Au mleteni yule wangu, au niacheni nife na damu yangu."

Daktari alisikitika. Alimpa vidonge vya kumfikisha kliniki ijayo tu. "Baada ya hapo siwezi bila kipimo," alisema. "Ningekuwa nacheza na moyo wake." Nje nilimkuta Bwana Ubora, nikamweleza. Akasema mafunzo ni ya asubuhi moja, na yeye mwenyewe ndiye anayefundisha, na kwamba angempa Haiumi awaonyeshe wengine namna ya kuutafuta mshipa mgumu, kwa kuwa hakuna anayemfikia. Amemwita. Hajaenda. "Labda wewe," akasema, "ukimwambia."

Nilikaa na neno hilo kwa siku kadhaa. Vidonge vilikuwa vinapungua ndani ya kopo, ukilitikisa unasikia.

Stoo iko nyuma ya hospitali, karibu na jengo la kufulia. Ina dirisha dogo la kutolea vitu na nyuma yake rafu mpaka juu darini. Haiumi alikuwa amesimama katikati ya makatoni. Alikuwa amepungua, au labda ni kwa kuwa sikuzoea kumwona bila koti. Aliponiona mikono yake haikusimama. Alikuwa anatoa mabunda ya pamba kwenye katoni na kuyapanga rafuni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, yakanipotea yote. Nikashika ukingo wa dirisha.

"Mama amekataa kuchomwa na mtu mwingine. Walijaribu, ikashindikana, akalia. Vidonge vinakwisha, na bila kipimo hapewi vingine. Dada, nakuomba uende kwenye hayo mafunzo. Ni asubuhi moja. Bwana Ubora anasema utawaonyesha na wewe unachokijua. Halafu urudi kwenye kiti chako umtoe mama damu. Nyumbani usije kama hutaki. Usinisemeshe hata mimi. Nitamleta mpaka mlangoni, nitakaa nje, nitaongozana naye akitoka. Mama hana kinyongo na wewe, ameniambia. Mimi nilisema kwa sababu alikuwa anazama. Ingekuwa leo ningesema tena. Lakini nakuomba."

Aliinama akavuta katoni nyingine. Akaichana gundi kwa ukucha.

Muuguzi mmoja akaja nyuma yangu kwa haraka, anataka glovu za wodi ya watoto. Nikasogea pembeni. Haiumi alimpa, wakasalimiana, wakaulizana habari za kazi. Muuguzi akaondoka. Nikarudi dirishani.

Alikuwa amenipa mgongo, amenyoosha mikono juu kwenye rafu ya mwisho, analisukuma bunda moja lijipange sawa na mengine. Lilikuwa limeshajipanga. Aliendelea kulisukuma.

"Dada," nikasema. "Utakuja?"